Wapangaji Wasioshuka Ngazi

Familia ile ilikuwa na ugonjwa mmoja: pesa zikiingia kwa wakati, hakuna aliyeuliza zimetoka wapi. Kila mwisho wa mwezi simu zao zililia, mgawo ukaonekana, na kila mtu akarudi kwenye shughuli zake na amani yake ya kijinga. Afadhali hili lisemwe mapema. Huko mbele watu hawa watalia, mtawahurumia, na mkishawahurumia mtasahau kwamba walifumba macho wenyewe, bila kufungwa kitambaa na mtu.

Mgawo ulitoka kwenye nyumba ya mama yao. Ilikuwa nyumba ndefu ya ghorofa moja, makazi ya familia chini, vyumba vya kupangisha juu, na ngazi ya saruji iliyopanda kwa nje upande wa uani. Mama aliijenga kwa miaka ya kushona sare za shule, na alipoona afya inampa kisogo alimwita wakili, akaiweka nyumba iwe amana. Isiuzwe, isigawanywe. Kodi ya vyumba vya juu imtunze kwanza Kitinda, mwanawe wa mwisho: chakula chake, dawa zake, na chumba chake cha chini mpaka siku atakayokata roho. Kitakachobaki ndicho wagawane wengine. Msimamizi wa amana, na wa kuishi pale chini pamoja na Kitinda, akawa mtoto wa kwanza, ambaye wadogo zake walimwita Kaka Mkubwa akiwapo na Meneja akiwa hayupo.

Kitinda alikuwa mtu mzima mwenye mvi kidevuni, lakini akili yake iliamua kutokua zamani, pale kifafa kilipomwanza utotoni. Alijua kufagia uani, kufunga kamba za viatu na kusalimia watu kwa heshima zote. Kuhama ndiko asikokuweza. Waliwahi kumpeleka akae kwa dada yake kwa muda, nyumba ikipakwa rangi. Hakula, hakulala, na kifafa kikamwangusha mfululizo mpaka wakamrudisha haraka kwenye kitanda chake. Tangu hapo kila mtu alijua kwamba chumba kile ndicho kilichomshikilia duniani.

Aliyekuwa akija kumwona kila Jumapili ni mtoto wa tatu, mwanamke anayefundisha chekechea upande mwingine wa mji. Nyumbani kwao hakuna aliyemwita kwa jina lake tena. Alikuwa Mwalimu tu, hata kwa watu waliomzidi umri. Alikuja na matunda, akakaa uani na Kitinda, akamkata kucha, akamsikiliza habari za wiki nzima, ambazo kwa kawaida zilihusu paka.

Juu hakupanda. Hilo lilikuwa sharti la nyumba. Kaka Mkubwa alikuwa ametumikia hoteli miaka mingi, akaanza kwa kutandika vitanda na kuishia kuwa msimamizi wa vyumba, na alistaafu na sauti ya chini, mikono safi na kanuni zake. "Mpangaji ni mgeni anayelipa," alisema walipotoka kumzika mama. "Mgeni hachunguliwi. Hakuna wa familia kupanda ngazi ile bila mimi." Wadogo zake waliona ni ustaarabu. Walijivunia hata kuwaeleza wengine: sisi kwetu hatuna tabia ya kuwasumbua wapangaji.

Kwa hiyo Mwalimu aliwajua wapangaji kwa kuwaangalia kutoka chini. Alizijua nguo zao kwenye kamba ya baraza ya juu. Alisikia redio ikizungumza nyuma ya mlango fulani, na giza lilipoanza kuingia aliziona taa za madirishani zikiwaka. Wakati mwingine, akiwa bado getini, alisikia mtu akitembea juu. Kushuka hawakushuka. Akiuliza, Kaka alikuwa na jibu kabla swali halijatua: huyu yuko kazini, yule anafanya zamu ya usiku amelala, wale wamesafiri kumwona mgonjwa.

Lililomfungua macho lilikuwa jambo dogo, tena la kuchekesha.

Muhula mpya ulianza. Mzazi mmoja alimleta mwanawe darasani amevaa kaptura iliyompanda juu ya magoti, akaanza kujitetea kabla hajaulizwa. "Mwalimu, naomba unisamehe. Hii nimenunua juzi juzi tu. Huyu mtoto sijui anakula chakula au anakula nguo." Wote wawili wakacheka. Mwalimu aliendelea kucheka akiandika jina la mtoto ubaoni, kisha mkono ukamsimama hewani.

Alilikumbuka gauni la njano. Lilikuwa gauni la mtoto wa kike, la umri wa wanafunzi wake hasa, lenye mikono ya puto, na lilianikwa kwenye kamba ya baraza ya juu mbele ya chumba cha pili. Alikuwa ameliona Jumapili iliyopita. Alikuwa ameliona pia kabla ya likizo, na wakati wa mvua, na mwaka uliotangulia. Alianza kurudi nyuma kichwani mwake akitafuta Jumapili ambayo hakuliona, akaikosa. Mtoto yule, kama yupo, alikuwa amekataa kukua.

Baridi ilimpita mgongoni, ilhali darasa lilikuwa na joto la watoto thelathini. Hakuwa mtu wa kuamini mizimu. Lakini kuna mambo mtu haamini mchana akiwa na chaki mkononi, halafu yanakuja yenyewe na kukaa naye wakati anaosha vyombo.

Jumapili iliyofuata alikwenda na macho mapya, na macho mapya yana adha yake, hayachagui pa kutazama. Gauni lilikuwapo, upande wa barabara umepauka kabisa kwa jua, upande wa ukuta bado njano ya kweli. Bomba la uani lilitoa upepo tu. Ukuta wa nyuma ulikuwa na ukungu wa kijani uliopanda mpaka usawa wa madirisha ya juu. Mkanda wa Kaka Mkubwa ulikuwa umetobolewa matundu mapya kwa msumari. Na Kitinda, alipokuwa akikatwa kucha, alisema kama mtu anayetoa habari za hali ya hewa, "Dada Mwalimu, kidonge changu siku hizi ni nusu. Kaka anakikata kwa kisu cha mkate."

"Tangu lini?"

"Tangu vilipoanza kuwa vidogo." Akafikiri. "Nilianguka jikoni. Nilianguka na chooni. Kaka alisema nisikuambie kwa sababu utaumwa kichwa."

Mwalimu alimwangalia. Nyuma ya sikio, ndani ya nywele, palikuwa na kovu bichi. Hasira ilimpanda, na juu ya kichwa chake redio ya chumba cha pili iliendelea kutangaza bei za mifugo.

Jioni ile alimpigia simu dada yao, mtoto wa pili, mwenye saluni katika mji wa mbali. Dada alikuwa na mikono kwenye nywele za mteja na simu begani, kama kawaida yake.

"Dada, kuna jambo haliko sawa nyumbani."

"Mgawo hukupata?"

"Nimepata."

"Mimi pia. Sasa?"

"Kitinda anapewa nusu dawa. Nyumba imejaa wapangaji, kodi inaingia, sisi tunapata chetu kwa wakati, halafu mwenye nyumba anakatiwa kidonge. Hesabu hiyo unaielewa?"

Dada akamwambia mteja ainamishe kichwa. "Mdogo wangu, labda daktari kabadilisha. Wewe una tabia ya kutafuta kunguni kwenye kitanda cha mwenzio. Kaka ni mtu safi."

"Sijasema ameiba. Wewe tangu mama afariki, umewahi kumwona mpangaji hata mmoja? Uso wake?"

Upande wa pili mashine ya kukaushia nywele ilizimwa.

"Nimeona nguo," Dada alisema hatimaye, kwa sauti ndogo.

"Na mimi nimeona nguo."

Mwalimu alikwenda siku ya kazi, alasiri, bila taarifa. Wingu zito lilikuwa limefunika mtaa na nyumba ya mama ilikuwa imewashwa taa mapema, juu kote, dirisha kwa dirisha. Ukiitazama kutoka barabarani ungesema ndiyo nyumba yenye neema kuliko zote pale. Kaka Mkubwa alifungua mlango akiwa na kitambaa cha vumbi begani. Alishtuka, kisha akavaa lile tabasamu lake la hotelini.

"Karibu, karibu. Mbona ghafla hivi, kwema?"

"Kwema tu. Shikamoo, Kaka."

"Marahaba. Keti, nikuwekee chai."

Chai ilikuja bila sukari. Walikaa sebuleni wakiongea habari za mvua, kila mmoja akimkwepa mwenzake machoni. Ndipo zilipoanza hatua juu yao.

Hazikuwa hatua za kawaida. Kisigino cha chuma kiligonga saruji, kikaburutwa, kikagonga tena. Zilitoka upande wa barabara, zikapita polepole juu ya vichwa vyao hadi chumba cha kona, zikasimama, zikageuka. Mwalimu alikiweka kikombe chini. Alizijua. Alizisikiliza utotoni kila jioni akiwa kitandani, akingoja zifike mlangoni ili alale. Zilikuwa hatua za viatu vya marehemu baba yake, na baba alikufa kabla mama hajaweka tofali la kwanza la ghorofa ile.

"Nani yule?" aliuliza.

"Mpangaji wa kona. Leo hana zamu."

"Na Kitinda yuko wapi?"

Kaka Mkubwa aliangalia mlango wa chumba cha Kitinda, ambao ulikuwa wazi, na kitanda kimetandikwa, na hakuna mtu. Kwa mara ya kwanza maishani jibu lake lilichelewa kuliko swali.

Mwalimu alipiga moyo konde, akatoka uani na kupanda ngazi. Kaka alimfuata mpaka katikati, akamwita mara moja kwa jina lake, lile la kuzaliwa, halafu akaketi palepale.

Mlango wa chumba cha kwanza haukufungwa kwa ufunguo. Kitanda kilitandikwa, shuka limekunjwa pembeni kwa namna ya hotelini, glasi imefunikwa juu ya kisahani. Kwenye kiti palikuwa na shati la kiume lililotundikwa begani mwa kiti. Taa ilikuwa inawaka. Chumba cha mtu hunuka mtu, iwe sabuni au jasho au vitunguu. Kile kilinuka ukungu tu. Dari lilikuwa limevimba kwa maji, na rangi imebanduka na kudondoka juu ya mto safi.

Cha pili kilikuwa na redio, mezani, ikiwazungumzia watu wasiokuwapo. Sweta la shule lilikunjwa kitandani, na Mwalimu aliponyanyua ukosi aliona herufi za kwanza za jina la dada yake zilizotariziwa na mama. Alitoka barazani, akaligusa gauni la njano kwenye kamba. Hakuhitaji kugeuza upindo, lakini aligeuza. Uzi ulikuwa wa mama, mishono midogo midogo, na pale alipochana akipanda ukuta wa shule palikuwa na kiraka chenye umbo la jani. Lilikuwa gauni lake mwenyewe.

Hapo ndipo alipoogopa kweli. Mizimu ya watu wengine ingekuwa na nafuu. Hii ilikuwa familia yake, imepangishwa juu, kila mtu na chumba chake, akiwemo yeye akiwa na miaka sita, na kila jioni wanawashiwa taa.

Viatu viligonga nyuma yake. Aligeuka. Kitinda alikuwa akija kwenye ujia, mgongo umenyooka, miguu yake midogo ikiogelea ndani ya viatu vyeusi vya baba, ndiyo maana aliviburuta. Alipomwona dada yake hakushangaa. Aliweka kidole mdomoni.

"Polepole," akasema. "Mama amelala."

Akamwonyesha chumba cha kona. Juu ya kitanda palikuwa na gauni la maua lililolazwa vizuri, mikono imenyooshwa, kitambaa cha kichwa kwenye mto, na ndara zimepangwa chini.

Kaka Mkubwa alieleza yote pale pale kwenye ngazi, akiwa ameshika tama, hamwangalii mtu.

Mama alipokuwa anakufa alimwapisha jambo moja: vyumba vyangu visilale vitupu, maana chumba kitupu kitamlaza mwanangu njaa. Mwaka haukuisha, bomba la ndani ya ukuta likapasuka. Fundi alitaja bei, Kaka akaona akiilipa mgawo wa wadogo zake utakosekana mwezi ule, na akaona haya kuwaambia. Akaziba kwa viraka. Ukungu ukapanda. Familia yenye watoto ikawa ya kwanza kuhama, mtoto alikuwa anakohoa. Wakafuata wengine.

"Hotelini," alisema, "tulifundishwa kitu kimoja. Hoteli yenye giza haipati mgeni. Ukiwa na vyumba vitupu upande wa barabara, unawasha taa, unatundika taulo dirishani. Mgeni anaona wenzake wapo, anaingia. Nikasema nitafanya hivyo mwezi mmoja tu, mpaka wapatikane. Sikuwa na nguo za ziada. Kulikuwa na sanduku la mama, alimotunza nguo zetu za utotoni na vitu vya baba."

"Na wakaja?"

"Nyumba ya kupanga si hoteli, Mwalimu. Nimelijua hilo nikiwa nimechelewa. Mtu anayetafuta chumba akiona taa zote zinawaka anasema kumejaa, anapita." Alimeza mate. "Mmoja alisimama getini, kijana na mkewe, wana godoro kwenye mkokoteni. Akauliza, kuna chumba? Nilikuwa nimesimama na jirani, yule anayeongea na Dada kwenye simu. Nikasema hapana, kumejaa."

Mwalimu alitaka kucheka na alitaka kumpiga. "Na pesa zetu? Kila mwezi zilikuwa zinatoka wapi?"

"Niliiweka nyumba rehani. Mama alisema isiuzwe, isigawanywe. Rehani hakuitaja." Hata yeye alisikia jinsi ilivyosikika. "Mgawo wenu wa mwezi huu ni ukuta wa nyuma. Wa mwezi uliopita ulikuwa ngazi hii tunayoikalia. Nimewalisha nyumba, tofali kwa tofali, na kila mwisho wa mwezi mlikuwa mnaniandikia asante."

"Na Kitinda kutembea?"

"Watu wa mtaa walianza kusema hawasikii mtu juu. Nikamwomba. Alipenda. Viatu alichagua mwenyewe."

Waliomdai walikuwa wameshatuma mtu kupima nyumba. Mwalimu alifikiria friji yake mpya, aliyoinunua kwa mgawo, na jinsi alivyoifurahia. Kaka hakuwa amekula hata senti, mkanda wake ulikuwa shahidi. Hilo ndilo lililomuuma zaidi. Mwizi angemchukia akamaliza. Huyu alikuwa ameilinda aibu yake kwa uaminifu mkubwa kuliko alivyomlinda Kitinda, na akaiita aibu ile kwa jina la mama.

Dada wa saluni alifika baada ya siku chache, bado kucha zake zina rangi ya nywele za watu. Alipanda juu peke yake. Aliposhuka alikuwa na lile sweta la shule kifuani na uso umemvimba.

"Ungeniambia," alimwambia Kaka.

"Ningekuambia lini? Ulikuwa unanipigia kunipongeza."

"Mimi ningetuma! Ningekata kwangu, ningetuma!"

"Najua," alisema Kaka. "Ndiyo maana sikukuambia. Ningeonekanaje?"

Ukweli ni kwamba wote watatu walielewa, na ndiyo sababu hawakuweza kutazamana. Mwalimu ndiye aliyekata kauli. Alinyoosha mkono juu ya meza, na Kaka Mkubwa, bila kuombwa mara ya pili, akaweka funguo zote kiganjani mwake. Mkono wake mwenyewe ulibaki pale mezani, umefunguka, kwa muda mrefu.

Wakili aliyeandika amana alikuwa bado hai na bado mkali. Alisema msimamizi hakuwa na mamlaka ya kuweka rehani mali ya Kitinda, na waliomkopesha walijua au walipaswa kujua, kwa hiyo nao walikuwa na sababu ya kuogopa mahakama. Wakakubaliana: deni litalipwa polepole, kwa kodi, ili mradi vyumba viwe na watu wenye pumzi. Vikikaa vitupu tena, nyumba itakwenda. Mgawo ukafa siku hiyo. Dada akauza viti viwili vya saluni, Mwalimu akakopa kwenye chama cha walimu, fundi akabomoa ukuta na kubadilisha bomba lote. Ukungu ukasuguliwa. Kitinda akarudi kwenye kidonge kizima, akaacha kuanguka. Kaka Mkubwa alipaka rangi vyumba vyote kwa mikono yake, kimya, na kila giza lilipoingia alikwenda nje ya geti na kukaa huko akiipa nyumba kisogo, kwa sababu hakuweza kuvumilia kuona madirisha yale yakiwa meusi.

Wapangaji wa kwanza wa kweli walipatikana. Walitaka chumba cha kona, kwa sababu kinapata upepo, na walilipa kabla hata rangi haijakauka. Wangeingia Jumamosi jioni.

Jumamosi ile alasiri Mwalimu alipanda na sanduku. Alikunja mashati ya baba, sweta, gauni lake dogo. Alipofika chumba cha kona alimkuta Kitinda amesimama mlangoni, mikono imekamata fremu huku na huku.

"Hapa hapana," alisema Kitinda.

"Kuna watu wanakuja, mdogo wangu. Watu wa kweli. Ndio watakaolipa dawa yako. Wasipokuja hawa, na wewe utatoka kwenye chumba chako. Unanielewa?"

Alielewa. Aliposikia habari ya chumba chake aligeuza macho kuelekea ngazini. Lakini hakusogea.

"Na mama atalala wapi?"

Mwalimu aliketi sakafuni ili macho yao yalingane, kama anavyofanya na watoto wake wa darasani. "Kitinda, mama alikufa. Ulikuwapo. Ulibeba maua."

"Najua alikufa," Kitinda alisema, kwa uvumilivu. "Ndiyo maana hana pa kwenda."

Machozi yalimtoka Mwalimu na hakuyazuia. Huko chini gari la mizigo lilipiga honi, na sauti ya mwanamke mgeni ikauliza kama ngazi ni hii. Kitinda aliangalia chini, akamwangalia dada yake analia, akaonekana akifanya hesabu yake ndefu. Kisha akaachia fremu.

"Basi atalala kwangu," alisema.

Alilinyanyua gauni la maua kutoka kitandani kwa mikono miwili, kwa uangalifu wa mtu aliyebeba mgonjwa. Akateremka nalo ngazi upande mmoja, wapangaji wakimpisha na godoro lao, naye akamsalimia kila mmoja wao kwa heshima zote, bila kusimama. Mwalimu alimfuata na ndara.

Chumbani kwake alililaza gauni juu ya kitanda chake. Alinyoosha mikono ya gauni, akavuta shuka mpaka kwenye ukosi, akalikunja pembeni vile alivyomwona Kaka akifanya. Akapanga ndara chini. Halafu akachukua blanketi lake la akiba na kulitandaza sakafuni, kando.

"Kitinda, lala kitandani kwako," Mwalimu alisema. "Mama hatajali. Mnaenea."

"Hatuenei." Alikuwa ameshaanza kufungua kamba za viatu. "Mimi nikiugua napiga mateke. Nitamuumiza."

Juu yao wageni walianza kuburuta kitanda chao, wakibishana kikae ukuta upi, na mtoto wao akakimbia kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kitinda hakuinua kichwa kusikiliza. Alijilaza chini, kwenye saruji, ndani ya chumba ambacho walikuwa wamekiokoa kwa ajili yake.